Jahazi hupinduka vipi: hesabu ya uzito, maji na tanga

Chombo kikipinduka baina ya Unguja na bara, au kwenye mkondo wa Nungwi kuelekea Pemba, wa kwanza kulaumiwa ni upepo. "Ilikuja dhoruba ya ghafla," ndivyo tunavyoambiwa, na mazungumzo ya barazani humalizikia kwenye msemo wa wahenga kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Kudra ipo na tunaiamini. Hata hivyo, ukizifuatilia ajali za vyombo vya tanga utakuta mara nyingi upepo ndio uliofika mwisho. Chombo kilishapoteza uwezo wake wa kujiinua tangu kilipokuwa kinapakia, na hakuna aliyeona, kwa kuwa gatini hakuna wimbi la kukijaribu.

Uwezo huo wa kujiinua ndio nitakaoueleza hapa: unatoka wapi, unapimwaje, na unapotea vipi. Ngalawa nitaiacha, maana ile ina mirengu inayoishika pande zote mbili. Nazungumzia vyombo vikubwa visivyo na mirengu: jahazi, na jamaa zake mabumu, masambuki na mabaghala yaliyokuwa yakiteremka na kaskazi kutoka Ghuba na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za Rufiji.

Nguvu mbili

Chombo kilichoelea kinashikwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni uzito wake pamoja na kila kilichomo, unaovuta chini kama vile wote umekusanyika kwenye nukta moja. Tuiite kitovu cha uzito. Ya pili ni nguvu ya maji inayosukuma juu, ile ambayo shuleni tulifundishwa kuiita kanieleza, nayo ina kitovu chake katikati ya sehemu ya tumbo iliyozama. Chombo kikiwa wima na kimetulia, vitovu hivi viwili vimepangana kwenye mstari mmoja.

Kikiinama, mambo yanabadilika. Upande ulioinama unazama zaidi, upande wa pili unatoka majini, na kwa hiyo kitovu cha kanieleza kinahamia upande ulioinama. Uzito haujahama, isipokuwa mzigo umeporomoka. Sasa maji yanasukuma juu pembeni huku uzito ukivuta chini katikati, na nguvu hizo mbili kwa pamoja zinakirudisha chombo wima. Hakuna muujiza mwingine unaolisimamisha jahazi. Lakini nguvu hizo hizo zinaweza kufanya kazi ya kinyume. Kitovu cha uzito kikiwa juu sana, chombo kinapoinama nacho kinaelekea upande ule ule, na kikikipita kitovu cha kanieleza basi maji yenyewe yanamalizia kukipindua.

Mfaransa Pierre Bouguer aliipatia jambo hili kipimo mwaka 1746. Kutoka kwenye kitovu cha kanieleza kilichohama, piga mstari wa wima kwenda juu. Mahali mstari huo unapokata mstari wa katikati ya chombo ndipo penye nukta inayoitwa metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya nukta hiyo, chombo kinajirudi. Kikiwa juu yake, chombo hakina salama. Umbali baina ya nukta hizo mbili ni kimo cha metasenta, na katika vyombo vya kwetu huwa ni jambo la sentimita tu.

Tuchukue jahazi la mfano ili hesabu ionekane. Upana wake mita 6, uzito wake pamoja na shehena tani 60, ubao uliobaki juu ya maji mita 1, na kimo cha metasenta sentimita 60. Lina abiria 60 wanaokadiriwa kilo 65 kila mmoja, karibu tani 4 za watu. Mvua inaanza kunyesha, nao wanahama kwa pamoja mita 2 kwenda upande mmoja kujisitiri. Jahazi litainama nyuzi 12 hivi. Watu watapiga kelele, vyombo vya jikoni vitaanguka, lakini ukingo bado uko juu ya maji.

Sasa lichukue jahazi lile lile, uzito ule ule, ila mzigo umepangwa vibaya na kimo kimeshuka hadi sentimita 30. Watu wale wale wakihama mita zile zile 2, jahazi litainama karibu nyuzi 24. Kwa upana wa mita 6 na ubao wa mita 1, ukingo unagusa maji kwenye nyuzi 18. Kwa hiyo bahari imeshaingia, na upepo haujavuma.

Kinachoyumba polepole

Hapa pana jambo ambalo abiria wengi wanalielewa kinyume, na ningependa kila anayepanda chombo alijue. Chombo chenye kimo kikubwa cha metasenta hujirudi kwa nguvu. Kinayumba haraka haraka, kinarusha watu, kinatapisha. Chenye kimo kidogo huyumba taratibu, kinakwenda upande mmoja, kinakaa kidogo, kisha kinarudi kwa uvivu. Abiria hukisifu kwamba kimetulia. Jahazi letu la mfano, likiwa na kimo chake cha sentimita 60, huchukua karibu sekunde 6 kutoka kuinama upande mmoja hadi kurudi pale pale. Kimo kikishuka hadi sentimita 30, huchukua karibu sekunde 9. Sekunde hizo 3 za ziada, ambazo tumboni mwa msafiri ni nafuu, ndizo dalili ya wazi kabisa kwamba chombo hakina tena nguvu za kujiinua.

Baharia mzoefu huihisi tofauti hiyo miguuni kabla hajaambiwa. Chombo kinapokwenda upande na "kusahau" kurudi, yeye hageuki kutazama mawingu. Anatazama kilichopakiwa.

Mzigo

Pale Funguni, Malindi ya Unguja, mahamali wanapopakia, utaona kila gunia linatafutiwa nafasi, na nafasi ikiisha chini, mzigo unapanda juu. Saruji, chumvi na mchele huenda chini vizuri kwa sababu ni vizito na havichukui nafasi kubwa. Taabu iko kwenye mizigo mikubwa kwa umbo na myepesi kwa uzito: magunia ya makaa, makuti, magodoro, madebe matupu. Hiyo hujaza tumbo kabla chombo hakijashiba uzito, kisha inarundikwa juu ya ukingo hadi karibu na foromali, boriti inayobeba tanga. Anayetazama kutoka nje anasema bado chombo kiko juu, hakijazama sana, ongeza. Ni kweli kiko juu. Lakini kitovu chake cha uzito kimepanda nacho. Makaa au makuti yakinyeshewa njiani yanakunywa maji, na uzito unaongezeka kule kule juu ambako hautakiwi kabisa.

Chombo kisicho na mzigo wa kutosha chini hutiwa farumi: mawe, au mchanga kwenye magunia. Faida yake ni kukishusha kitovu cha uzito. Sharti lake ni kwamba isisogee. Jiwe lililowekwa bila kukazwa litaviringika siku ile tu chombo kitakapolala, na litaviringika kuelekea upande uliolala. Kwa sababu hiyo naona farumi iliyolegea ina hatari kuliko farumi pungufu. Pungufu utaijua mapema, iliyolegea inangoja.

Na mzigo mzito chini nao una madhara yake. Jahazi lililojazwa saruji pekee lina kimo kikubwa cha metasenta, haliyumbi polepole hata kidogo, lakini limezama mpaka ubao uliobaki ni mdogo. Mawimbi hayahitaji kulipindua, yanaingia tu. Jahazi halina sitaha iliyoziba tumbo lote, na maji yakishaingia hayana pa kutokea. Zamani walisimamisha makuti yaliyosukwa au majamvi juu ya ukingo kuzuia marasharasha, na yalifaa kwa kazi hiyo. Hayaongezi uwezo wa kuelea hata kidogo, wala hayazuii wimbi zito, na ubaya wake ni kwamba yanamficha abiria asione bahari imekaribia kiasi gani.

Ngama

Kitu ninachokiogopa kuliko vyote vilivyotajwa ni maji yaliyomo ndani ya chombo chenyewe. Kila chombo cha mbao kinavuja kidogo, hata kilichotiwa kalafati vizuri na kupakwa deheni, na maji hukusanyika kwenye ngama, yaani sakafu ya tumbo la chombo. Yakiwa chini kabisa, pale tumbo lilipo jembamba, hayana pa kukimbilia. Lakini yakipanda hadi mahali tumbo linapopanuka, yanakuwa uso mpana ulio huru. Aliyewahi kubeba maji kwenye sinia anajua yanavyofanya: ukiinamisha kidogo tu, yote yanakimbilia upande ule na sinia linazidi kuinama. Chombo nacho ni hivyo. Kila kinapolala, maji yanahamia huko huko na kukikandamiza.

Hatari hii haikui polepole. Inafuata upana wa uso wa maji uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Katika jahazi letu la tani 60, maji yaliyotanda kwenye eneo lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 3 yanakata kimo cha metasenta kwa karibu sentimita 30 pale chombo kinapoanza kuinama. Nusu imekwenda. Yakipanuka hadi mita 4, hesabu inatoa zaidi ya sentimita 70, yaani kimo chote kimekwisha na deni juu yake. Meli za kisasa hugawanywa kwa kuta, na ukuta mmoja tu wa katikati unaokwenda kutoka omo hadi tezi hupunguza athari hii hadi robo. Tumbo la jahazi ni moja. Kwa hiyo kijana anayekesha na ndoo akiteka ngama, ambaye chomboni ni wa mwisho kupewa chai, ndiye anayekilinda chombo kisilale.

Tanga

Upepo sasa. Tanga la jahazi linaning'inia kwenye foromali, boriti ndefu inayoungwa vipande viwili au zaidi, na ambayo katika vyombo vikubwa huweza kuwa ndefu kama chombo chenyewe. Foromali ni uzito mwingi uliopandishwa juu sana. Ndiyo maana kutua tanga kuna faida mbili kwa mpigo: upepo unakosa pa kushika, na kitovu cha uzito kinateremka.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Jahazi letu likiwa na tanga la mita za mraba 150, na katikati ya tanga iko mita 9 juu ya kitovu cha mwinamo, yaani nukta ambayo chombo kinainama kuizunguka, upepo wa kilomita 20 kwa saa unalilaza kwa nguvu ya kama tani 3 zinazovuta kwenye mkono wa mita 1. Upepo wa kilomita 40 kwa saa unatoa tani 12. Na tani 12 kwa mkono wa mita 1 ndizo hasa zinazoufikisha ukingo wa jahazi zima, lenye kimo cha sentimita 60, kwenye maji.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari kwa Unguja, Pemba na mwambao, mara nyingi husema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Wapo wanaoisikia hiyo na kuona ni kawaida, maana kusi tunaijua. Kwa jahazi lililotweka tanga lote, hapo ni mpakani. Na kwa jahazi lile lililopakiwa vibaya, lenye kimo cha sentimita 30, mpaka unafika mapema zaidi, kwenye kilomita 28 kwa saa. Upepo wa kilomita 28 hakuna atakayeuita dhoruba. Ni upepo mzuri wa safari. Chombo kinapolala kwa upepo kama huo, walionusurika watasema kwa nia njema kabisa kwamba ulikuja upepo wa ghafla, kwa sababu hawakuona sababu nyingine.

Manahodha wa vyombo vikubwa hawakuwa na desturi ya kulipunguza tanga moja kwa kulikunja. Walichukua matanga ya ukubwa tofauti, na bahari ikichafuka walitua kubwa na kutweka dogo. Ni njia nzuri, ila inahitaji mikono mingi na muda, na hapo katikati chombo hakina tanga kabisa, kinayumba vibaya kwa kukosa kitu cha kukishika. Anayesubiri mpaka upepo umefika amechelewa. Ipo pia saa ya kupindua, chombo kinapogeuza upande wa tanga: foromali inasimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti, demani, kamba ya kushikia tanga, imelegezwa, mabaharia wote wako kazini. Upepo ukiruka wakati huo na kulipiga tanga kutoka upande usiotarajiwa, linabandika mlingotini na foromali haishuki tena, hata ukikata jarari, kamba ya kuipandishia.

Bahari yetu nayo ina mitego yake. Mkondo mkubwa wa mwambao unakwenda kaskazini, na katika miezi ya kaskazi upepo unatoka kaskazini mashariki kuukabili. Upepo na mkondo vikigongana, mawimbi huwa mafupi na yamesimama. Kwenye ras ya Nungwi, wakati wa bamvua ambapo maji hupanda na kushuka kama mita 4, mikondo ya maji kujaa na kutoka inaongezeka juu ya hayo yote. Chombo kilichokwenda vizuri chini ya kivuli cha kisiwa cha Tumbatu kinatoka nje na kukutana na bahari nyingine kabisa.

Haki isemwe: ziko pepo ambazo upakiaji mzuri hausaidii. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kiliipiga Unguja kikaharibu meli za Sultani na majahazi yaliyokuwa yametia nanga. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na jibu sahihi lilikuwa moja tu: kutosafiri.

Wenzetu wa mbali

Haya hayatuhusu sisi peke yetu. Tarehe 3 Juni 1984, meli ya matanga Marques ililazwa na upepo wa ghafla karibu na Bermuda, na watu 19 kati ya 28 wakafa. Tarehe 14 Mei 1986, Pride of Baltimore ilipinduka kaskazini ya Puerto Rico. Nahodha na mabaharia watatu hawakurudi. Februari 2010 meli ya mafunzo Concordia ililala nje ya Brazil ikiwa na watu 64, na wote wakaokolewa. Wachunguzi wa Canada waligundua kwamba meli ilikuwa na michoro ya kuonyesha ni upepo gani utakaoizidi nguvu, lakini ofisa wa zamu hakuwa amefundishwa kuitumia, na milango na matundu ya upande wa demani, yaani upande usiopigwa na upepo, yalikuwa wazi. Maji yalipata njia.

Nasi tunazo zetu. MV Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe Julai 18, 2012, zilikuwa meli za injini. Lakini maji hayaulizi kama chombo kina tanga au hakina. Spice Islander iling'oa nanga na watu wengi kupita idadi iliyoruhusiwa, na kila nyumba ya Pemba inajua kilichofuata.

Mkataba wa kimataifa wa SOLAS, unaosimamia usalama wa meli duniani, unaziacha nje meli za mbao za ujenzi wa asili na vyombo visivyokwenda kwa mashine. Ule wa mistari ya kupakilia wa mwaka 1966 unaviacha vyombo vipya vifupi kuliko mita 24. Majahazi yetu mengi yako kwenye mwanya huo. Hapo ndipo Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar inapobeba mzigo ambao kwingine unabebwa na mikataba, na maoni yangu ni kwamba mstari wa rangi ubavuni hautoshi. Mstari unaonyesha uzito wa jumla. Hausemi uzito huo umekaa wapi.

Kinachosema hilo ni kipimo cha kuyumba, ambacho Shirika la Kimataifa la Bahari linakipendekeza kwa vyombo vidogo vya uvuvi. Ni cha zamani. Mwaka 1628 huko Stockholm, kabla meli ya kivita Vasa haijaondoka, mabaharia 30 walikimbia pamoja kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine. Meli ikayumba mno hata admirali akawasimamisha baada ya mara tatu, akihofia itapinduka pale pale bandarini. Jibu lilipatikana, halafu likapuuzwa. Agosti 10 Vasa ilitweka matanga, ikaenda kama mita 1,300, ikalala kwa upepo mdogo, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ya chini.

Hapa Funguni au Mkokotoni, Wete au Mkoani, kipimo hicho kinahitaji simu yenye saa na mabaharia wachache. Maji yawe yamejaa, chombo kielee chote, kisiguse mchanga wala chombo cha jirani, na kamba zilegezwe. Mabaharia wahame pamoja upande hadi upande mpaka chombo kianze kuyumba, kisha wasimame katikati. Hesabu sekunde za mayumbo matano kamili, ugawe kwa tano. Nahodha afanye hivyo kwanza siku ambayo chombo kimepakiwa vizuri na ngama imekauka, aandike namba hiyo kwa rangi ndani ya tezi. Kila safari, baada ya gunia la mwisho na abiria wa mwisho, apime tena. Chombo cha sekunde 6 kikitoa 7, ngama itazamwe na mzigo wa juu upunguzwe. Kikitoa 9, shehena ya juu ya ukingo irudi gatini yote, na abiria washuke mpaka ipangwe upya.